Mama Anayeuliza Hajakataa Chanjo

Leo tuzungumze juu ya chanjo za watoto wachanga, na sitaanzia kwa daktari wala wizarani. Naanzia kwenye benchi. Lile benchi la mbao kwenye baraza ya zahanati, siku ya kliniki, akina mama wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na mtoto mapajani na kadi mkononi, nyingine imetiwa ndani ya bahasha ili isichakae.

Pita hapo umuulize mama mmoja mmoja: leo umemleta mtoto achanjwe nini? Wa kwanza atakwambia, "Ya wiki sita." Wa pili, "Sisi ya miezi tisa." Wa tatu atafungua kadi akuoneshe tarehe aliyoandikiwa na nesi. Tarehe wanazijua barabara. Wameacha shamba, wameacha meza ya vitumbua, wameomba nauli kwa mume au kwa shemeji ili tarehe hiyo isiwapite. Sasa endelea uulize sindano hiyo inazuia ugonjwa gani. Wengi watatabasamu na kukujibu, "Si ya kumkinga mtoto?"

Silidharau jibu hilo hata kidogo. Imani hiyo ndiyo iliyojaza mabenchi yetu tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanza nchini Tanzania mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha mpango kama huo kwa dunia nzima. Mwaka 2024, miaka 50 ilipotimia, shirika hilo lilitoa hesabu yake: chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154, na kati yao milioni 101 ni watoto ambao hawakuwa wametimiza mwaka mmoja. Zaidi ya nusu ya watu wote hao wameokolewa na chanjo moja tu, ya surua. Wengi wa walioipeleka kinga hiyo kwa watoto ni akina mama wa benchi, ambao hawakuwahi kuelezwa kwa kirefu ndani ya ile chupa ndogo mna nini.

Ninachosema leo ni hiki. Tumewazoesha wazazi kutii tarehe, tukasahau kuwapa maelezo. Na mzazi asiyepewa maelezo atafuata tarehe vizuri mpaka siku atakapopata hofu. Siku hiyo atauliza swali. Akiuliza kwenye benchi akafokewa, swali halifi. Analirudisha nyumbani, na huko atapata wa kumjibu: jirani, mama mkwe, au sauti isiyo na jina iliyorushwa kwenye kundi la simu saa tano za usiku.

Nilimsindikiza binti wa dada yangu kwenye kliniki moja, sitaitaja. Mtoto wake alikuwa ametimiza wiki 14. Aliingia chumbani, nesi akavuta sindano ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Binti akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu zote, "Samahani nesi, mbona leo zimekuwa tatu?" Nesi hakumtazama. Akamwambia, "Dada, foleni unaiona?" Basi. Mtoto akachomwa, akalia mpaka akakauka sauti, tukatoka. Pale nje hakuna aliyesema kitu, lakini nilimwona mama mmoja aliyekuwa anafuatia akimvuta mtoto wake karibu zaidi na kifua.

Usiku binti akanipigia simu. "Mama mdogo, mtoto anachemka, paja limevimba, hanyonyi vizuri. Wamemchoma nini?" Nyuma yake nilimsikia mama mkwe akisema kwamba mjukuu wake alitoka nyumbani mzima.

Jibu la swali lake lingechukua muda mfupi kuliko kuandika jina la mtoto kwenye rejista. Nesi angeweza kusema hivi: "Mbili ni zilezile za wiki ya sita na ya kumi. Hii ya tatu ni ya polio, inaongezea nguvu yale matone. Leo usiku atachemka kidogo na paja litauma. Mnyonyeshe mara kwa mara, usilikande, usipake kitu. Homa ikizidi au ikifika siku ya tatu, mlete." Mama anayeambiwa maneno hayo asubuhi, usiku mtoto akichemka husema, nesi aliniambia. Asiyeambiwa huona ameletewa balaa.

Na angalieni kalenda yenyewe. Baada ya wiki ya 14, chanjo inayofuata, ya surua na rubela, ni ya miezi tisa. Katikati hapo ni zaidi ya miezi mitano. Muda wote huo mama yuko na kumbukumbu ya ule usiku, yuko na maneno ya mama mkwe, na hana sababu ya kwenda kliniki isipokuwa kumpima mtoto uzito. Hofu inapata nafasi ya kutosha kuota mizizi. Binti yetu alikwenda, namshukuru Mungu, lakini tulizungumza naye mara nyingi kabla.

Basi wacha nifanye hapa ile kazi ambayo ingefanywa benchini.

Mtoto akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu, ile ya bega la kulia inayoacha kovu, na matone ya polio mdomoni. Wiki kadhaa baadaye pale begani hutokea kipele, kinatunga usaha, kinakauka chenyewe. Kinatakiwa kitokee. Usikibinye, usikipake majivu wala dawa ya kuchua. Wiki ya sita, ya kumi na ya 14 hupewa sindano ya paja ambayo wahudumu wanaiita penta. Hiyo moja imebeba kinga ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kimelea kinachosababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto wadogo. Paja la pili hupata chanjo nyingine ya nimonia, inayopambana na kimelea tofauti. Wiki hizohizo hupewa matone ya polio, na katika ziara hizo za mwanzo hupewa pia matone ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota.

Mama aliyezaa mtoto wa kwanza mwaka 2008 na wa mwisho juzi ana haki kabisa ya kushangaa. Penta kwetu ilikuja mwaka 2009. Chanjo ya nimonia na ile ya rota ziliingia mwanzoni mwa 2013. Rubela iliunganishwa na surua mwaka 2014, na sindano ya polio ikaja 2018. Kwa hiyo anaposema, "Wa kwanza hakuchomwa zote hizi na amekua," anasema kweli. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba wakati huo nimonia na kuhara vilikuwa vinazika watoto wa wenzake, na kwamba dawa ya kuwakinga ilikuwa bado haijafika kijijini kwake.

Hapa kuna jambo linalonigusa sana. Vijana wengi wanaozaa leo hawajawahi kumwona mtoto mwenye dondakoo, koo limeziba utando, anatafuta pumzi. Hawajasikia kikohozi cha kifaduro, kile cha mfululizo mpaka mtoto anageuka rangi. Pepopunda ya watoto wachanga, ambayo bibi zetu waliijua kwa kichanga kukakamaa na kukataa titi siku chache baada ya kuzaliwa, nchini Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomezwa kama tatizo la afya ya jamii, baada ya miaka mingi ya kuwachanja wajawazito na kuhimiza kujifungua mahali safi. Sasa mpe mama wa miaka 21 achague kwa moyo wake: upande mmoja kuna ugonjwa ambao hajauona maishani, upande mwingine kuna mwanawe anayechemka usiku huu mikononi mwake. Homa anaiona. Dondakoo haioni. Hofu yake inaelekea kule anakokuona, na ndivyo binadamu alivyo.

Ndiyo maana nawaomba wazee mseme. Nyinyi mliozaliwa kabla ya mpango huu wa chanjo mnakumbuka surua ilivyokuwa ikipita mtaa mzima. Wapo wazee waliokuwa wakisema usiwahesabu watoto wako mpaka surua imepita. Mnakumbuka macho yaliyopofuka, masikio yaliyotoka usaha. Kumbukumbu hizo zinahitajika nyumbani, sebuleni, mjukuu anaponyonya. Mama mkwe akisimulia alichokiona mwaka 1970, ana uzito kuliko bango lolote lililobandikwa ukutani mwa zahanati.

Surua yenyewe ina tabia ambayo wengi hawaijui. Mgonjwa mmoja, kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza wengine 12 hadi 18. Virusi vyake hubaki hewani ndani ya chumba hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Fikiria chumba cha madrasa, au basi la kutoka kijijini siku ya gulio. Ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa kwa dozi mbili. Dozi ya miezi tisa inawakinga kama 85 kati ya 100, kwa kuwa katika umri huo baadhi ya watoto bado wana kinga waliyoirithi kwa mama, nayo inaizuia chanjo isifanye kazi sawasawa. Hao 15 waliobaki wanaingojea dozi ya miezi 18, na hiyo ndiyo mama wengi wanaisahau.

Sasa nizungumzie hofu nyingine, ile kubwa, ya kwamba chanjo imetengenezwa ili watoto wetu wasizae. Sitamcheka anayeiamini. Hofu hiyo ina historia, na ninaona ni kosa kuipita haraka.

Mwaka 1996 kule Kano, kaskazini mwa Nigeria, kulizuka homa kali ya uti wa mgongo. Kampuni ya dawa ya Pfizer ilikwenda kujaribu dawa yake mpya kwa watoto 200. Nusu walipewa hiyo mpya na nusu dawa iliyokwisha kuzoeleka. Watoto 11 walifariki, wengine wakabaki na ulemavu, na familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa lile lilikuwa jaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Ile haikuwa chanjo, na wagonjwa walikuwa kweli katika hatari ya kufa. Lakini mzazi wa Kano hakusahau. Mwaka 2003 wahudumu wa polio walipobisha hodi na matone yao, bure, mlango hadi mlango, watu waliuliza: hawa waliokuja mara ile, leo wametuletea nini? Viongozi wa dini wakatilia shaka, serikali ya jimbo ikasimamisha chanjo, na polio ikatoka hapo ikasambaa katika nchi ambazo zilikuwa zimekwisha kuisahau.

Nisikilizeni ilivyokwisha, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Haikwisha kwa kukamata watu. Chanjo ilipimwa, wataalamu wa jimbo lenyewe wakashirikishwa, ikaagizwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao, na mwaka 2004 gavana akamtoa mwanawe mwenyewe apewe matone mbele ya watu. Kazi ikaendelea miaka mingi, kwa masheikh, kwa machifu, kwa akina mama wanaojuana mtaani. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena polio ya asili, na nchi ya mwisho kuvuka ilikuwa Nigeria hiyohiyo.

Majirani zetu Kenya nao walipitia yao mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyolengwa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na homoni ya kuharibu mimba. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, wakaeleza kasoro za vipimo vilivyotumika. Mabishano yalikuwa makali na ya hadharani. Nayataja kwa sababu yanatufundisha swali hilo linatoka wapi: kwa nini wanawake tu, kwa nini umri huo tu? Jibu lilikuwepo, tena rahisi. Kinga ya pepopunda mama humpitishia mtoto tumboni, basi anayechanjwa ni anayetarajiwa kuzaa. Lingetangulia jibu kabla ya sindano, pengine wengi wasingeingiwa na shaka.

Na kwetu? Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka hadharani chanjo za korona. Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera. Katika nusu mwaka mwananchi mmoja amesikia mambo mawili kutoka ofisi moja. Ilikuwa chanjo ya watu wazima, lakini mama kwenye benchi hana kabati mbili kichwani, moja ya chanjo za korona na nyingine ya chanjo za mtoto. Neno ni moja, chanjo, na shaka ikiingia inagusa zote.

Wenye ndugu Ulaya na Marekani mtakuwa mmetumiwa pia habari ya kwamba chanjo ya surua inaleta usonji. Ilitokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapa liliifuta mwaka 2010, na mwandishi akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Utafiti mkubwa uliofanywa baadaye katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote. Hiyo nimemaliza.

Lakini ukweli usiopendeza nao lazima usemwe, tena na sisi wenyewe, usije ukasemwa na mwingine kwa kuupotosha. Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akiyapata, virusi hivyo hupita tumboni na kutoka kwa choo. Mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa, hapo ndipo mwisho wake. Mahali ambapo wengi hawajachanjwa, vinaweza kuzunguka kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, vikabadilika, vikapata tena nguvu ya kupoozesha. Mwaka 2023 ilitokea kwetu, mkoani Rukwa. Serikali ikaendesha kampeni ya matone katika mikoa ya magharibi. Mzazi akiuliza, "Kumbe matone nayo yanaweza kuleta polio?" usimwambie anaeneza uzushi. Mwambie ndiyo, kwa nadra, na mwambie hutokea pale ambapo watoto wengi wameachwa bila kinga, na ndiyo sababu siku hizi mtoto anapewa na ile sindano ya polio ya wiki ya 14, ambayo virusi vyake vimekufa kabisa.

Kuna mtu mmoja namkumbuka kila nikisikia neno hofu likitamkwa kwa dharau. Aliitwa Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali huko Marka, mji wa pwani ya Somalia, kusini mwa Mogadishu. Mwaka 1977 ndui ilikuwa imebaki katika pembe hiyo tu ya dunia. Oktoba mwaka huo waliletwa watoto wawili wagonjwa wa ndui, dereva hakuijua njia ya kwenda kambi walikotengwa wagonjwa, na Maalin, kijana wa miaka 23, akapanda gari kuwaonesha. Safari ya dakika chache. Siku kadhaa baadaye akashikwa na homa. Kwanza ikadhaniwa malaria, kisha tetekuwanga. Ilikuwa ndui, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alipona, na Mei 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imekwisha.

Mtu huyu alifanya kazi hospitalini, alizungukwa na wachanjaji, na hakuwa amechanjwa. Baadaye alieleza sababu mwenyewe: aliogopa, aliona kama sindano inauma. Basi. Hakukuwa na njama wala itikadi. Mtu mzima, mfanyakazi wa hospitali, aliogopa maumivu.

Alichofanya na hofu hiyo ndicho kinachonifanya nimtaje. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kampeni ya polio Somalia. Alikwenda kwa wazazi waliokataa, akakaa nao, akawaambia: mimi ndiye mtu wa mwisho aliyeugua ndui, na niliugua kwa kuogopa chanjo. Wazazi walimsikiliza kwa sababu alianzia pale walipokuwa wao. Julai 2013 polio ilikuwa imerudi Somalia, naye alikuwa kwenye kazi hiyohiyo alipougua malaria na kufariki.

Sasa nigeukie upande wa pili wa meza, kwa nesi, maana nisipomtetea naye nitakuwa nimedhulumu. Yule nesi aliyesema "foleni unaiona?" alikuwa kweli na foleni. Alikuwa peke yake. Anapima uzito, anachoma, anaandika kwenye kadi, anaandika tena kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, na katikati ya hayo anaitwa wodini kwa mjamzito. Juu yake kuna jokofu lisilotakiwa kupungua nyuzi 2 wala kuzidi nyuzi 8, umeme ukatike usikatike. Kila chupa anayoishika ina alama ndogo, duara lenye mraba ndani; mraba ukikolea rangi mpaka ukalingana na duara, chanjo hiyo imeharibiwa na joto na haifai kutumika. Mambo haya anayafanya kwa uangalifu, na mama wa benchi hayaoni.

Kuna chupa moja inayogombanisha watu hawa wawili kila wiki, nayo ni ya surua. Ina dozi kumi. Ni unga, huchanganywa na maji yake, na ikishachanganywa ina saa sita tu, zinazobaki zinamwagwa. Anapokuja mama mmoja tu na mtoto wa miezi tisa, nesi hutazama benchi, huhesabu, kisha humwambia, "Rudi Alhamisi." Anaogopa kumwaga dozi tisa, na anaogopa kuulizwa zimekwenda wapi. Mama anasikia amefukuzwa. Amelipa bodaboda, ameacha kibarua, na hiyo Alhamisi hana nauli nyingine. Baadaye jina lake linawekwa kwenye orodha ya watoro. Shirika la Afya Duniani linahimiza chupa hiyo ifunguliwe hata akiwa mtoto mmoja, maana mtoto aliyekosa chanjo ni hasara kubwa kuliko dozi zilizomwagwa. Natamani wakuu wa wilaya na waganga wakuu wawaambie manesi wao waziwazi: fungua, hutaadhibiwa. Na kama kwa kweli haiwezekani, basi chupa hiyo ioneshwe kwa mama, aelezwe saa sita hizo, na apangiwe siku anayoiweza yeye.

Kadi nayo. Nawajua akina mama waliokaa nyumbani kwa sababu kadi ilipotea, au ililiwa na panya, au mtoto alizaliwa nyumbani na wanaogopa kusemwa mbele ya wenzao. Mwingine hana kanga nzuri ya kumfunikia mtoto, anaona aibu. Hawa hawapingi chanjo. Wanaogopa kudhalilishwa, na mtoto ndiye anayelipa.

Akina baba, msidhani nimewasahau. Nauli iko mfukoni mwenu, na ruhusa katika nyumba nyingi iko mdomoni mwenu. Maswali mnayo, lakini mnamtuma mama akayaulize, naye akifika anakuta foleni. Nenda mwenyewe siku moja. Mshike mtoto wakati anachomwa. Umuulize nesi kinachokusumbua, yeye na wewe, uso kwa uso; nimeona mara nyingi baba akiuliza hujibiwa kwa utulivu zaidi, jambo ambalo si haki, lakini tulitumie huku tukilirekebisha.

Na wewe uliyepitiwa na tarehe, nenda tu. Chanjo hazianzwi upya kwa kuwa umechelewa. Nesi anaendelea alipoishia mtoto. Yapo matone ya rota ambayo yana ukomo wa umri, kwa hiyo usingoje zaidi. Chanjo hizi ni bure katika vituo vya serikali. Kadi ikiwa imepotea, jina la mtoto limo kwenye rejista ya kituo alichoanzia. Taja mwezi aliozaliwa, watafute. Ikiwa mtoto alizaliwa nyumbani na hajapata ile ya bega, uliza siku wanayofungua chupa yake, maana nayo ina dozi nyingi na haifunguliwi kila siku. Akiwa na mafua madogo au kikohozi chepesi, bado anachanjwa. Baada ya sindano, usikimbilie kuondoka. Kaa hapo kwa muda, maana mara chache sana mwili wa mtoto huikataa dawa ghafla, na likitokea hilo utakuwa mikononi mwa mwenye msaada.

Kabla hamjalala leo, toeni kadi ya mtoto mtazame mstari wa miezi 18. Katika umri huo mtoto anakimbia, mama amerudi kazini, na hakuna anayekumbushana kliniki tena. Mstari huo ukiwa wazi, hata kama mtoto ana miaka miwili sasa, ulizeni kesho asubuhi zahanati yenu inafungua siku gani chupa ya surua, mmpeleke.